Avoka kwa Avoka

Papa yangu,

Nimechelewa kukuandikia. Kalamu nilikuwa nayo, na karatasi nilipewa na Masere, yule mtawa anayetufundisha kuandika. Lakini sikutaka kuanza kabla sijajua kama ulikufa ukiwa polisi au ukiwa mtu aliyefukuzwa kazi. Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kutuambia. Sasa najua, na nitakuambia. Ila uniache nifuate mpango wa Masere: kwanza salamu, kisha habari, na la moyoni mwishoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili bora, kile cha shuleni na cha kanisani. Najua ungecheka. Nilipokuwa nasema "ninakwenda" badala ya "naenda", ulikuwa unageuka kutazama mlangoni, unauliza padri ameingia saa ngapi. Cheka tu, Papa. Hiki ndicho ninachojua kuandika. Lakini maneno ya watu nitayaacha vile walivyoyasema, maana ukiyasikia kwa Kiswahili bora hutawatambua.

Salamu, basi. Mama ni mzima. Baridi ikianza anakohoa kidogo, halafu inapita. Wadogo zangu wamekua, suruali zao zinaishia juu ya kifundo. Bukari, ugali wetu, tunakula mara moja kwa siku kama zamani, na mboga za lengalenga Mama amepanda hadi karibu na choo. Bomba la moshi la kiwanda cha Shituru siku nyingine linatoa moshi, siku nyingine halitoi, na watu wakiona moshi wanaambiana barabarani kama vile wameona mgeni. Vijana wa kambi yetu ya polisi wengi wameenda kuchimba madini Shinkolobwe, kwenye mgodi ule uliofungwa. Wewe ulikuwa unakataza hata kutaja jina la mahali pale mezani. Bado hatulitaji.

Sisi bado tuko kambini. Nyumba ni ileile, namba ileile juu ya mlango, na mti wetu wa avoka uko palepale nyuma ya jikoni. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza, kwa nini tungali hapa.

Ulituambia kidogo sana juu ya mambo ya stesheni. Mengine niliyajua baadaye, kwa masikio yangu, kupitia dirisha. Lakini wale watu niliwaona mwenyewe nilipokuwa naenda shuleni. Niliwaona majirani zetu wenye asili ya Kasai, walioambiwa warudi kwao. Wengi hawakuwa na "kwao" kwingine, walizaliwa hapahapa Likasi. Walikuwa wamekaa kwenye njia ya reli na vitanda vyao, masufuria yao, mashine zao za kushona, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Mama Kapinga alikuwa mmoja wao. Bwana yake alikuwa karani Shituru, na sisi tulikuwa tukiishi ukuta kwa ukuta nao kabla hatujahamia kambini. Ni yeye aliyekupa kokwa la avoka lililofungwa kwa kitambaa kilicholoa, akakuambia ulipande upande wa jua la asubuhi. Ulilipanda siku tuliyohamia, hata kabla ya kuingiza kitanda.

Wewe, kwa cheo chako cha Ajida, na Sajini Ilunga mliwekwa kulinda stesheni. Robine ya pale, lile bomba la maji karibu na chumba cha tikiti, ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Amri ilitoka juu, ili watu wale wasizoee mahali. Ufunguo mlikabidhiwa ninyi. Na siku moja, jua likiwa kali na watoto wakilamba midomo, robine ilifunguliwa. Wanawake wakapanga bido zao za kutekea maji kwenye mstari. Mkubwa wenu akapita na jeep yake, akakuta maji yanatiririka. Akauliza ni nani aliyefungua. Ukasema neno moja tu, "Minye," yaani mimi.

Walikushtaki kwa kuvunja amri, kuacha kituo chako, na kuwapa raia ufunguo wa serikali. Wakakutia kashoo, kile chumba kidogo cha kufungia watu hapo kambini, ambacho wewe mwenyewe ulikuwa unakipaka chokaa kila mwaka.

Sasa nitasema juu ya lile kosa la Mama, maana ndilo ulilopenda kuliko yote.

Ulimtuma Ilunga aje nyumbani. Alikuja mbio, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema: "Mama, Ajida anasema umutafutie avoka. Mbiyo." Akaondoka. Kwetu neno ni moja: wakili wa mahakamani ni avoka, na parachichi la mtini ni avoka. Mama hakuuliza. Alijua kwamba wewe bila avoka na chumvi hukuwa unaona kama umekula. Akanipandisha mtini, nikachuma yaliyoiva na yaliyokaribia kuiva, tukajaza lile beseni kubwa la bluu. Akajitwisha kichwani, akaweka na chumvi ndani ya karatasi, tukaenda.

Mlinzi alikutoa hadi mlangoni. Uliangalia beseni. Ukamwangalia Mama. Halafu ukaanza kucheka, Papa, ukacheka hadi ukashika ukuta, na mlinzi naye akacheka bila kujua anachocheka. Ukasema: "Avoka mingi vile, na hakuna hata moya inajua kusema."

Mama alikasirika njia nzima ya kurudi. Alisema mtu aliyefungwa hana haki ya kucheka bibi yake. Lakini nilimwona anageuza uso, na mabega yalikuwa yanatikisika. Tangu siku ile kambi nzima inamwita Mama Avoka. Anaitika.

Walikuachia ukae nyumbani, umesimamishwa kazi, ukingoja baraza la nidhamu. Wakaleta karatasi. Ulinipa niisome, maana ulisema macho yangu ni mapya. Nilisoma mashtaka yote matatu kwa sauti, na chini yake kulikuwa na mstari mdogo wa Kifaransa uliosema kwamba mshtakiwa anaweza kusaidiwa na mtetezi kwa gharama zake mwenyewe. Ukaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Ukauliza, "Kwa gharama za nani?" Nikasema, "Zako, Papa." Ukaenda kung'arisha viatu. Polish haikuwapo tena mjini, ulikuwa ukivisugua kwa upande wa ndani wa ganda la avoka, halafu kwa kitambaa. Hukuwa na kazi ya kwenda, lakini viatu vilikuwa vinang'aa.

Mama alienda kwa mkubwa mwenyewe kuuliza. Alimwambia kwa heshima kwamba yule atakayekushtaki anakuja na jeep ya serikali, na karani wa serikali, na mafuta ya serikali, na wewe ulikuwa kazini kwa serikali hiyohiyo siku ile. Kwa nini mtetezi wako alipwe na bibi anayeuza lengalenga? Mkubwa hakukasirika. Alimjibu kama mtu anayefundisha mtoto: "Mama, discipline ni mambo ya ndani ya nyumba. Mutoto akiitwa na papa yake mu salon, anakuyaka na avoka?" Alisema kama ingekuwa mahakamani, mtu wa nje amekushtaki kwa sababu ya kazi, pengine wangetafuta namna. Lakini baba na mtoto hawatafutiani wanasheria. Mama alitueleza hayo akiwa anachambua sombe ya mihogo, na majani alikuwa anayachana vipandevipande kabla hata ya kuyatwanga.

Ndipo akaenda kwa wakili, Maître Kalenga. Nilienda naye. Unakumbuka ile ofisi, chumba nyuma ya fundi cherehani, mlango ni pazia, na koti lake moja limetundikwa kwenye msumari hadi mteja aingie. Tulipoingia alivaa koti. Mama alimwambia habari zote. Maître alisikiliza vizuri, halafu akasema hawezi kufanya kazi bure, maana hata mwenye nyumba wake hafanyi. Pesa pia hakuzitaka sana, maana thamani yake ilikuwa inashuka kila siku. Alisema, "Mama, pesa ikifika kwangu inakuwa imekufa mu njia. Muko na nini ku nyumba?"

Mama aliona haya. Akasema kwa sauti ndogo, "Kuko avoka."

Maître akavua koti lake polepole. "Kama kuko avoka," akasema, "basi mulikuya kwangu kufanya nini?"

Ilibidi mimi nieleze. Nilieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili bora, na fundi cherehani upande wa pili wa pazia akaacha kukanyaga mashine ili asikie vizuri. Maître hakucheka kama wewe. Alishika kichwa. Halafu akasema atakubali mabeseni kwa msimu mzima, na bibi yake atayauza karibu na posta. Mti wako ukawa unalipa. Asubuhi nyingi nilipanda kabla ya shule, na wewe ulisimama chini ukipokea, ukaniambia nisiyaangushe, maana avoka aliyepondeka hawezi kutetea mtu.

Siku ya kwanza ya baraza ulijibu yale yale. "Nilifungula robine. Ufunguo nilishika minye. Nilikuwa peke yangu." Maître alikuuliza na Ilunga alikuwa wapi. Ukasema hukumbuki. Jioni Maître alikuja nyumbani, hakukaa kitini, akakuambia kwamba mtetezi hawezi kumtetea mtu anayejifunga mwenyewe. Ukamkaribisha chai. Ulisema Ilunga ana watoto wadogo sana. Hapo Mama na mimi tulielewa unamficha nani. Baraza liliahirishwa.

Halafu ukaugua.

Sitaandika mengi. Masere anasema mahali panapouma mtu aandike sentensi fupi. Homa ya tumbo. Hospitali dawa hazikuwapo, wauguzi walifanya walichoweza. Uliniomba nikusomee insha yangu juu ya mto, na uliposikia neno "kijito" ukafungua macho, ukasema, "Padri ameingia." Lilikuwa neno lako la mwisho kwangu lenye maana kamili. Nalipenda, Papa. Nimelipenda zaidi kila siku.

Kabla ya jeneza kufungwa walikuja watu wawili kuchukua kofia na mkanda. Walisema mtu aliyesimamishwa kazi hazikwi na vitu vya kazi. Waliona aibu, nilijua kwa jinsi walivyovua kofia zao wenyewe. Tulikuzika na koti la harusi yako. Viatu nilivipaka mimi. Ilunga alisimama mbali, karibu na ukuta wa makaburi, akiwa na uniformu. Hakutukaribia, na Mama hakumwita.

Baadaye karani alituambia dosie ya kesi yako imefungwa, kwa kuwa mshtakiwa amefariki. Mama alidhani hiyo ni habari njema. Maître akaja kutueleza. Dosie iliyofungwa bila neno si safi. Ulibaki kwenye vitabu vyao kama mtu aliyesimamishwa, na mjane wa mtu aliyesimamishwa hana haki juu ya nyumba wala juu ya chochote. Mwisho wa mwaka wa shule tungetoka kambini. Njia ilikuwa moja, kuomba baraza lisikie kesi hadi mwisho, ingawa wewe hupo.

Baba mdogo, ndugu yako, alikuja kutoka Kambove, akakaa kwenye kiti chako. Hakusema vibaya. Alisema, "Shemeji, maiti hawamufukuzake kazi. Muachane na mambo ya bamaître, mukuye kwangu." Alisema kulipa avoka kwa ajili ya mtu aliyekufa ni kumwagilia maji mchanga. Na mti wenyewe ulikuwa umemaliza matunda, ulikuwa umebaki majani tu.  Nilimwona Mama ameanza kukusanya masanduku.

Mimi nilienda peke yangu kwa Maître, kumwambia kwamba hatuna tena cha kumlipa. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu zote njiani. Alinisikiliza akiwa na koti. Akasema, "Miti inajuaka kazi yake. Nitangoya mvula." Halafu akasema shida si malipo yake. Shida ni shahidi. Alikuwa anahitaji mtu mmoja aliyekuwapo pale robine, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Ilunga alikuja Jumapili, baada ya misa, kwa sababu Maître alimwita kwetu. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia juu ya magoti. Papa, nataka ujue hakukataa. Alilia kwanza, kabla mtu hajasema kitu. Alisema kila usiku anaota ule ufunguo. Lakini alisema hivi, na nakumbuka kila neno: "Nikisema kweli, kesho batanishitaki na minye. Ajida alikuwa na muti. Minye niko na nini? Minye nani atanilipia avoka?"

 Maître aliangalia sakafu. Alijua swali lile halina jibu katika kitabu chake. Kitabu kinasema kwa gharama zake mwenyewe, na Ilunga mwenyewe hakuwa na kitu, alikuwa hajalipwa mshahara kama wenzake wote. Nilifikiri juu ya mstari ule mdogo chini ya karatasi. Nilikuwa nimeusoma mara mbili na sikuwa nimeelewa kazi yake. Sasa mstari huo ulikuwa unafanya kazi pale sebuleni kwetu, ukimfunga mtu mzima mdomo.

Mama alikuwa mlangoni na kikapu cha makaa. Yeye aliyekuwa ameanza kufunga masanduku. Akaweka kikapu chini, akasema: "Muti iko."

Ilunga akainua kichwa.

"Muti iko pale nyuma," Mama akasema. "Mwaka inakuya itazala tena. Maître analipwa ya bwana yangu, na yako weye pia atalipwa. Ile tawi inaangalia barabara ni ya Ilunga. Batoto basiiguse."

Maître akauliza kama ni kweli anaahidi, maana Ilunga akishtakiwa, kesi yake inaweza kuwa ndefu. Mama akamwambia asimfundishe urefu wa kesi. Kisha akaingia jikoni na kutuachia sebule.

Siku ya baraza tulikaa verandani. Hawakuturuhusu kuingia, lakini vioo vya dirisha vilikuwa vimevunjika tangu siku za uporaji, na tulisikia yote. Mkubwa alisoma mashtaka yako. Aliposoma jina lako bila cheo, Mama alikaza kitenge chake. Maître akamwita Ilunga. Sauti yake mwanzoni ilikuwa kama ya mtu anayesoma katekisimu. Alisema ulimwambia, "Sajini, hawa bamama bako na kiu," na yeye akasema hata yeye anawaona. Alisema wewe hukuacha kituo, ulibaki mlangoni mwa stesheni ukizuia watu wasikanyagane, na yeye akaenda kufungua. Na juu ya kosa la kuwapa raia ufunguo alisema: "Ufunguo haikutoka mu mukono ya polisi. Ilikuwa mu mukono hii yangu."

Walimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema, "Niliogopa, chef. Na Ajida aliona naogopa, njo akasema alikuwa peke yake." Walimuuliza kama hajui kwamba anajishtaki mwenyewe. Akasema anajua, na kwamba ana avoka tayari. Papa, nilitaka uwepo kusikia jinsi alivyolisema. Na Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa jina.

 Halafu wakaandika kwamba hukuacha kituo, hukumpa raia yeyote ufunguo, na kwamba amri ya kufunga robine hakuna aliyeweza kuonyesha ilikoandikwa. Mashtaka yote matatu yakaanguka, moja baada ya jingine, na mkubwa alisoma jina lako upya, na safari hii akasema Ajida.

Nilidhani imekwisha. Maître hakukaa chini. Alisema bado kuna neno moja. Kama mshtakiwa alikuwa anafanya kazi ya serikali, na baraza limeona hana kosa, basi gharama za mtetezi wake si zake. Ziandikwe ni za serikali. Mkubwa alikuwa amechoka, akasema kwa upole kabisa, "Maître, hata minye serikali hainilipake." Watu wote mle ndani wakacheka, hata karani, na hata sisi verandani tulitabasamu. Maître aliwangoja wamalize. Akasema anajua. Hajasema walipe leo, amesema waandike. Alisema kuna sajini mmoja amekaa pale, na nyuma yake kuna masajini wengine, na siku nyingine watafika tena watu wenye kiu mbele ya robine iliyofungwa, na yule mwenye ufunguo atajiuliza kwanza ni nani atakayemlipia avoka. "Aone kama iliandikwa," akasema. "Ile tu."

Hakuna aliyecheka tena. Walinong'ona muda. Kisha nikasikia mashine ya kuandika, ile yenye herufi moja inayoruka, ikigonga polepole. Waliandika kwamba gharama za utetezi wa Ajida ni juu ya serikali, pesa zikipatikana. Lini, hawakuandika.

Kofia na mkanda walirudisha wiki ile. Mama ameviweka juu ya kabati, chini ya picha yenu ya harusi. Nyumbani tutakaa hadi mdogo wangu wa mwisho amalize shule. Baba mdogo alipokuja tena hakukaa kwenye kiti chako, alivuta stuli.

Ilunga hawakumshtaki. Walimwonya kwa maneno, basi. Usimkasirikie, Papa, kwa kuvunja kile ulichomfichia. Jumamosi anatuletea maji kwa baiskeli bila kuambiwa. Mama ameshamwambia mara nyingi kwamba tawi sasa halina kazi, ale matunda yake tu na watoto wake. Anakataa. Anasema liachwe, huwezi kujua. Kwa hiyo mwaka huu tawi linaloangalia barabara lilizaa kuliko yote, na yakaiva, na hakuna mtu wa kambi aliyeyagusa. Polisi mmoja kijana, mgeni, aliuliza kwa nini. Nilimwambia hayo ni ya yule atakayeshtakiwa kwa jambo zuri. Alitazama juu muda mrefu. Yalipoanza kuanguka Mama aliyapeleka stesheni. Bado kuna watu pale. Mama Kapinga hayupo tena, aliondoka na treni, na mtu aliyetoka Mwene-Ditu, kule Kasai, alituletea salamu zake. Anauliza kama kokwa lake lilizaa.

Na wiki hii tumepeleka beseni la mwisho kwa Maître, lile lililobaki la hesabu yako. Nililibeba mimi. Alikuwa amevaa koti kabla hatujaingia. Mama akamwambia kwamba serikali ikilipa siku moja, pesa zile ni zake, tutamletea. Maître akachukua avoka moja, akaliminya kidogo karibu na kikonyo kama ulivyokuwa unafanya, akasema, "Mama, serikali tuiache na deni yake. Sisi ni avoka kwa avoka. Imeisha." Na kule nyuma ya pazia fundi cherehani akacheka peke yake.

Papa, hayo ndiyo yaliyobadilika. Uliondoka bila kujua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe. Pengine huko unajua yote na barua hii ni ya kwangu mwenyewe. Haidhuru. Nilitaka ulisikie kutoka kinywa cha mtu wa nyumbani kwamba ulikufa ukiwa polisi, na polisi mwema, na imeandikwa.

Sasa la moyoni, na ndipo nikuage. Masere aliuliza darasani kila mmoja anataka kusoma nini huko mbele. Shule inafunguliwa na kufungwa, walimu wanakuja wakipata cha kula, na chuo kikuu kiko Lubumbashi, na nauli hatuna. Nayajua yote hayo. Lakini mti ni mchanga bado, na matawi yanayoangalia jikoni hayajagawiwa mtu. Mama ameniambia niyatazame vizuri.

Lala salama, Papa. Nitakupaka viatu moyoni kila Jumapili. Na nakuahidi hili: ulicheka kwamba kwenye beseni zima hapakuwa na hata mmoja anayejua kusema. Ningoje. Yuko mmoja, anajifunza.

Mtoto wako,
Astrid